Gamba Jekundu la Kilima

Genoveva alimaliza kukamua ng'ombe, akaanza kutoa samadi zizini. Ilikuwa kazi yake ya kila asubuhi. Alijaza karai, akajitwika, akapanda nalo hadi kwenye shamba la maharage.

Shamba lao liko Endagikot, wilayani Mbulu, chini ya kilima. Kilimani, juu zaidi ya shamba hilo, hakuna udongo wa kulima. Kuna mawe ya rangi ya kutu, mekundu yenye weusi, yameshikana kama sakafu. Watu wa ukoo huliita eneo hilo gamba. Hakuna aliyewahi kulilima. Mbuzi hupita juu yake, mvua hupita juu yake, na shamba la chini hukaa salama.

Asubuhi hiyo Genoveva alisikia sururu ikigonga huko juu. Alitua karai, akapanda.

Mume wake, Tluway, alikuwa amesimama ndani ya shimo lililomfika kiunoni. Jasho lilimtoka. Alikuwa amelivunja gamba na kulipita. Chini yake ulionekana udongo laini, wenye njano na weupe.

"Tluway, unafanya nini?"

"Natafuta chuma."

"Jembe limepotea?"

"Si chuma cha jembe. Chuma cha mgodi." Tluway alijifuta uso. "Mama, sisi tumekalia utajiri. Tunalala njaa juu ya chuma."

"Umelala njaa lini katika nyumba yangu?"

Tluway alipiga sururu tena.

Habari ya chuma ililetwa na dalali mmoja anayeitwa Julius. Alikuja wiki hiyo kwa pikipiki, amevaa kofia ngumu ya njano kama watu wa migodini. Alimkuta Tluway kwenye korongo akinywesha ng'ombe. Alitoa sumaku mfukoni, akaiburuta kwenye mchanga wa korongo. Ilipotoka, ilikuwa imeota ndevu nyeusi. Mchanga mweusi ulikuwa umeng'ang'ania sumaku pande zote.

"Unaona, mzee?" Julius alisema. "Hiki ni chuma. Kimetoka kwenye kilima chako. Kilima chote ni chuma kitupu. Mimi naleta katapila, nachimba, napeleka kuuza. Mzigo ukiuzwa, tunagawana. Wewe hutoi kitu. Ila usimwambie mtu, watakuonea wivu."

Tluway aliangalia zile ndevu nyeusi, akakubali. Hakumuuliza mke wake. Hakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Walipatana kwamba katapila lije Jumamosi. Naye, kwa pupa yake, akaanza kuchimba mwenyewe.

Mchana ilinyesha mvua ya muda mfupi, isiyo ya masika. Lakini maji yaliyoteleza juu ya gamba yaliingia kwenye lile shimo, yakajaa, yakapasua ukingo wa chini. Yakashuka na tope mpaka kwenye maharage. Tuta la kwanza lilifunikwa lote. Genoveva aliinama, akafukua miche kwa vidole. Mingi ilikuwa imevunjika shingo.

Alirudi nyumbani. Tluway alikuwa amekaa, anangoja chai. Genoveva alikitua kikombe mbele yake kwa nguvu kiasi kwamba kilipasuka vipande viwili.

"Hiyo ndiyo chai ya wachimba chuma," alisema. Kisha akatoka nje, akampigia simu wifi yake.

Wifi huyo ni Agatha, dada mkubwa wa Tluway. Ni mjiolojia, yaani amesomea miamba na madini. Anaishi Katesh na mume wake. Kazi yake ni kutafuta mahali pa kuchimba visima. Simu ilimkuta kijiji cha Nangwa, kazini.

"Wifi, ndugu yako anatoboa kilima."

"Anatoboa wapi?"

"Kwenye gamba."

"Mwambie aweke sururu chini."

"Nimemwambia. Anasema dalali mmoja wa kofia ya njano amemwonyesha chuma kwa sumaku, na Jumamosi linakuja katapila."

"Nakuja kesho," Agatha alisema, na sauti yake haikuwa ya mtu anayekuja kusalimia.

Kesho yake bodaboda ilimshusha Agatha mlangoni. Alikuwa na nyundo ndogo mkononi na begi mgongoni.

"Shikamoo, dada," Tluway alisema.

"Marahaba. Nionyeshe shimo."

"Dada, kwanza ukae, unywe maziwa."

"Maziwa yatangoja. Shimo."

Walipanda wote watatu. Agatha aliingia shimoni. Aliugusa ule udongo wa njano, akaubonyeza. Ulibonyea kama unga uliokandwa. Alitoka na kusimama mbele ya mdogo wake.

"Nani amekuambia hiki ni chuma cha kuchimba?"

Tluway alivuta pumzi. "Dada, tunakuheshimu. Lakini wewe umeolewa Katesh. Neno la ardhi hii si lako tena."

Genoveva aliguna. Agatha aliweka begi chini taratibu.

"Nimezaliwa kwenye nyumba ile pale," alisema. "Nimebeba samadi kwenye shamba lile kabla wewe hujajua kutembea. Na sheria ya nchi hii haisemi kwamba mwanamke akiolewa ulimi wake unakatwa. Haya, hayo tuyaache. Sikuja kudai ardhi. Nimekuja kwa sababu ya kilicho chini ya ardhi. Hicho nimekisomea. Wewe hukukisomea, na huyo mwenye kofia ya njano hakukisomea. Utanisikiliza au hunisikilizi?"

"Nasikiliza."

"Sumaku iko wapi?"

Julius alikuwa amemwachia sumaku yake ili avutiwe zaidi. Tluway aliitoa mfukoni.

"Iguse kwenye gamba."

Tluway aliigusa kwenye jiwe jekundu. Haikushika. Akajaribu jiwe la pili, kubwa, lenye weusi. Haikushika. Akaisugua kwa nguvu.

"Usilibembeleze," Genoveva alisema. "Sumaku haibembelezwi."

"Lakini kwenye korongo ilishika," Tluway alisema. "Niliona kwa macho yangu."

"Uliona kweli," Agatha alisema. "Hukudanganywa kwenye kuona. Umedanganywa kwenye maana. Wifi, ukipeta maharage kwenye ungo, inakuwaje?"

"Makapi yanaruka, maharage yanabaki. Ni mazito."

"Basi korongo ni ungo. Miamba ya milima yote ya hapa ina chembe ndogo sana za madini meusi yanayoitwa magnetiti. Ni moja ya madini ya chuma. Ni nzito, na sumaku inaipenda. Mwamba ukioza kwa miaka mingi, chembe zinatoka. Mvua inazibeba pamoja na mchanga mweupe. Mchanga mweupe ni mwepesi, unakwenda mbali. Ule mweusi ni mzito, unabaki kwenye kona za korongo. Ulichokiona ni chembe chache kutoka milima mingi, zimekusanywa mahali pamoja na maji. Hazikutoka kwenye gamba hili."

"Kwa hiyo kwenye gamba hakuna chuma kabisa?"

"Kipo. Wifi, una kikombe cheupe kilichovunjika?"

"Kipo kimoja, kipya kabisa katika kuvunjika," Genoveva alisema. Alishuka, akakileta.

Agatha alichukua kipande kimoja. Alionyesha pale kilipopasuka, pasipokuwa na rangi ya kung'aa. Akatoa begini mawe mawili madogo anayotembea nayo kwa kufundishia. Akalisugua la kwanza kwenye kikombe. Lilichora mstari mweusi.

"Hii ni magnetiti. Jiwe jeusi, unga mweusi."

Akasugua la pili. Kwa nje nalo lilikuwa kama jeusi, lakini lilichora mstari mwekundu kama damu iliyokauka.

"Hii ni hematiti. Ndiyo maana hatuangalii jiwe kwa nje. Nje inadanganya. Tunaangalia unga wake. Sasa chukua jiwe la gamba, usugue mwenyewe."

Tluway alisugua. Mstari ulitoka wa njano iliyochanganyika na kahawia, kama haradali iliyokauka.

"Na hiyo ni limoniti," Agatha alisema. "Nayo ni chuma, lakini ni chuma kilichoshikana na hewa na maji. Kwa lugha ya nyumbani, ni kutu. Yote matatu ni chuma kilichoungana na oksijeni. Tofauti ni namna kilivyoungana na mahali kilipozaliwa. Hapo kwenye kuzaliwa ndipo watu wanapoibiwa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hawajui kwamba chuma kina mama wengi." Agatha alikaa juu ya jiwe. Hasira yake haikuwa imeisha, lakini sasa ilikuwa inafanya kazi. "Kuna chuma kinachozaliwa na moto. Chini kabisa ya ardhi mwamba huyeyuka, unakuwa uji wa moto. Uji huo ukipoa polepole, magnetiti huganda, na kwa uzito wake huzama chini, kama machicha yanavyotulia kwenye chungu. Ikizama nyingi mahali pamoja, ndipo unapata mgodi. Chuma cha Liganga, kule Ludewa, ni cha namna hiyo."

"Na kingine?"

"Kingine kililala baharini. Zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita hewa haikuwa na oksijeni kama hii tunayovuta. Chuma kiliyeyuka kwenye maji ya bahari kama chumvi. Vikatokea vijidudu vidogo vilivyotoa oksijeni. Chuma kikashika kutu ndani ya maji, kikatua chini, tabaka juu ya tabaka, jekundu, jeusi, jekundu, jeusi. Leo bahari hizo hazipo, lakini miamba yake ipo. Sehemu kubwa ya chuma kinachochimbwa duniani inatoka kwenye miamba hiyo. Na kuna kingine kililetwa na maji ya moto yanayopita kwenye nyufa za miamba, yakakiacha humo njiani."

"Na hiki chetu kimeletwa na nini?" Tluway aliuliza. Sasa alikuwa amechuchumaa.

"Hiki kimeachwa na mvua. Wifi, unapochuja majivu kupata magadi ya makande, ni nini kinaondoka?"

"Magadi yanaondoka na maji. Majivu yanabaki."

"Mvua nayo inachuja mwamba hivyo hivyo, kwa maelfu na maelfu ya miaka. Inaondoa kila kinachoyeyuka. Chuma ni kigumu kuondoka, kinabaki. Kiangazi kinakikausha, kinakuwa kigumu kama tofali la kuchoma. Ndiyo gamba lako. Sehemu nyingine za dunia gamba la namna hii linakuwa nene na lina chuma kingi, linachimbwa. Lako lina unene gani?"

Tluway aliangalia ukingo wa shimo alilochimba kwa mikono yake mwenyewe. Gamba halikufika hata kwenye goti.

"Na chini yake?"

"Udongo laini."

"Udongo laini, Tluway. Mteremko mzima umekaa juu ya unga, na gamba ndilo kifuniko. Ukiondoa kifuniko, mvua ya masika itakula kilima kuanzia juu. Shamba litafuata. Kisha zizi. Kisha nyumba. Mimi nilikuwa Katesh tope liliposhuka kutoka mlima Hanang. Nilishika koleo pamoja na wengine kutafuta watu. Mlima ule ni wa namna nyingine, na sababu zake zilikuwa nyingine. Lakini nimejifunza kwamba tope halibishi hodi. Halafu mdogo wangu mwenyewe anatoboa kilima juu ya kitanda cha mke wake."

Tluway alisimama.

"Dada, umesema mengi na sijakataa. Lakini kama hakuna chuma, Julius analeta katapila la nini? Mtu hawezi kupoteza mafuta yake bure."

"Hilo ni swali la akili," Agatha alisema. "Jibu lake sina. Tutamngoja."

Jumamosi Julius alitangulia kwa pikipiki. Nyuma yake, barabarani, lilishushwa katapila, na lilifuatana na magari mawili ya tipa. Genoveva alikuwa ameshamleta mwenyekiti wa kijiji, mzee Evarist. Watu wote walikuwa juu ya gamba.

"Mzee Tluway," Julius alisema, "mbona umekusanya harusi? Tulikubaliana kimya kimya."

"Wewe na nani?" Genoveva aliuliza. "Mimi ninayelala chini ya kilima hiki ulinikuta wapi?"

"Mama, haya ni mambo ya wanaume na biashara."

"Maharage yangu yaliyofunikwa na tope ni ya kike au ya kiume?"

Dereva wa tipa ya kwanza alishuka garini, akawafuata juu. Jina lake Lameck, mtu mzima, mwenye haraka ya kazi. Aliwasalimia wazee vizuri. Kisha akaligonga gamba kwa kisigino cha buti, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Moramu safi," alisema. "Tuanzie upande gani? Wenzetu wa barabara wanangoja."

"Moramu gani? Tuliambiwa mnakuja kuchukua chuma," Tluway alisema.

"Hii. Changarawe ya kushindilia barabara. Si ndiyo hii?"

Julius alicheka haraka. "Huyo ni dereva tu, hajui kitu. Lameck, rudi kwenye gari."

"Mimi sijui?" Lameck alisema. "Msimu mzima nabeba moramu. Umeniambia kilima hiki mwenyewe amekitoa bure, nipakie mpaka kiishe. Chuma cha nini? Mimi sijawahi kubeba chuma."

Tluway alielewa pale pale. Angeambiwa habari ya moramu, angekataa. Kila mtu Mbulu ameona machimbo ya moramu, jinsi yanavyoacha ardhi imetoboka. Tena moramu hulipiwa kwa kila gari. Lakini chuma hulipiwa mzigo ukiuzwa, na mzigo ambao haupo hauuzwi. Kwa neno moja, chuma, Julius alikuwa amepata kilima kizima bila kutoa chochote.

Agatha alisogea mbele. "Bwana Julius, madini ni mali ya Taifa. Hata moramu ni madini ya ujenzi. Hachimbi mtu bila leseni, na mwenye shamba lazima akubali akiwa anajua anakubali nini. Leseni yako iko wapi?"

"Dada, leseni iko kwenye mchakato."

"Mwenyekiti, umepata taarifa yoyote?"

"Sijapata," mzee Evarist alisema. "Sijawahi hata kumwona huyu bwana. Nashangaa anakijua kilima na hanijui mimi."

Julius alimgeukia Tluway. Sauti yake ilibadilika, ikawa ya kubembeleza. "Mzee wangu, usisikilize wanawake. Tulikubaliana kama wanaume. Shika neno lako."

Tluway alitoa sumaku mfukoni, akamkabidhi.

"Iguse hapa," alisema, akionyesha gamba. "Ikishika, chimba."

Julius hakuigusa popote. Aliitia mfukoni.

"Iguse," Tluway alirudia. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka. "Umekaa na mimi kwenye korongo, umekunywa maziwa ya ng'ombe wangu. Umenifanya nivunje kwa mkono wangu kitu ambacho baba yangu hakukigusa. Umenifanya nimjibu vibaya dada yangu. Sasa iguse."

Dereva wa katapila alikuwa amelipandisha hadi ukingoni mwa gamba, injini ikinguruma. Tluway alitembea mpaka mbele ya lile koleo la chuma, akakaa chini juu ya gamba, miguu ameinyoosha. Genoveva akaja akakaa kando yake. Hakumtazama, lakini alikaa.

"Zima," Lameck alimwambia mwenzake. "Zima, bwana. Sikuja kuua watu." Akamtazama Julius kwa chuki. "Na wewe utanilipa mafuta yangu. Tapeli mkubwa."

Magari yaligeuza. Mzee Evarist aliandika namba ya pikipiki ya Julius, na siku hiyo hiyo alipeleka taarifa polisi na ofisi ya madini.

Kazi ilibaki ya kuziba shimo. Agatha aliwaelekeza. Walirudisha kwanza udongo laini, wakaushindilia kwa miguu na magogo. Juu yake walipanga mawe ya gamba, makubwa chini na madogo juu, wakayabana kwa changarawe. Kwenye ukingo wa chini walipanda majani ya tembo kwa mistari inayokata mteremko, ili maji yakishuka yapunguze mbio. Upande wa juu wa shimo walichimba mfereji mdogo wa kupeleka maji pembeni, kwenye mwamba.

Mkutano wa kijiji uliitwa. Watu walikuwa wengi, kwa sababu dalali alikuwa amepita kwenye nyumba nyingine pia, na kila aliyetembelewa alikuwa amekaa kimya akidhani ni yeye peke yake. Mzee Evarist aliuliza nani aeleze habari ya vilima. Tluway alisimama.

"Dada yangu aeleze," alisema. "Ni mtoto wa ardhi hii kama mimi. Na anajua kilicho chini yake. Mimi sijui."

Agatha alieleza. Alisema mtu akidhani ana madini, achukue jiwe, alisugue aone unga wake, ajaribu sumaku kwenye mwamba wenyewe na si kwenye mchanga wa korongo. Kisha alipeleke ofisi ya madini likapimwe. Asichimbe kabla ya majibu na leseni. Na mtu akimwambia afiche habari kwa mke wake na kwa kijiji, amfukuze hapo hapo. Mkutano uliamua kwamba hakuna gamba litakalovunjwa Endagikot bila mkutano wote kujua.

Masika yalikuja na nguvu. Mvua ilipiga usiku kucha. Alfajiri Tluway alivaa buti, akapanda kilimani. Mawe yalikuwa mahali pake. Maji yalikuwa yameteleza juu ya gamba, yakaingia mferejini, yakaondoka pembeni. Alishuka hadi shambani. Maharage yalikuwa yamesimama, yana maua.

Alirudi nyumbani ameloa, anatabasamu.

"Mama, kilima kimeshika. Nipe uji."

Genoveva alikuwa anafungua ng'ombe. Alimpa jembe.

"Kilima kimeshika, hasira yangu nayo imeshika," alisema. "Magugu yamejaa tuta la kwanza, lile ulilolifunika. Anzia hapo. Uji utakukuta."

Tluway alichukua jembe, akaenda.